Kurudi shule ukubwani ili upate kazi bora: maswali tunayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yanatoka kwa madereva, walinzi, mamantilie, mafundi, wahudumu wa ofisi na akina mama wa nyumbani wanaofika kuulizia madarasa ya jioni. Majibu yanahusu Tanzania Bara. Ada na tarehe hubadilika kila mwaka, kwa hiyo hizo zithibitishe kwenye tangazo la mwaka husika kabla hujatoa hela.

Nina miaka 38, niliishia darasa la saba. Si nimeshachelewa?

Kwa upande wa mtihani, hapana. Mtahiniwa wa kujitegemea hakataliwi na Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA) kwa sababu ya utu uzima. Kwenye chumba kimoja utamkuta kijana wa miaka 19 ameketi jirani na mama mwenye wajukuu, na msimamizi anawagawia karatasi ile ile.

Kwa upande wa ajira, kaa chini upige hesabu. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma hutaka mwombaji awe na umri usiozidi miaka 45, isipokuwa yule ambaye tayari yumo serikalini. Ukifanya QT (mtihani unaokufungulia kidato cha nne, tutaueleza hapa chini) mwaka huu na kidato cha nne mwakani, ukaongeza stashahada ya miaka mitatu, utakuwa na miaka 43 au 44. Muda unatosha, ila hauna nafasi ya kupoteza mwaka kwa kujisajili mtihani usio sahihi. Kwa kampuni binafsi, kujiajiri au kupanda cheo hapo hapo ulipo, kikomo hicho hakikuhusu.

Nianzie wapi? Kila mtu ananiambia lake.

Anzia kwenye kazi unayoitaka, kisha urudi nyuma mpaka kwenye cheti. Watu wengi huanza kinyume: wanalipa ada kwanza, wanasoma chochote kilicho karibu na nyumbani, halafu wanashangaa tangazo la kazi linataka kitu kingine.

Chukua mfano wa udereva. Mtu ameendesha lori kutoka Dar es Salaam hadi Tunduma kwa miaka kumi na tano, barabara anaijua kona kwa kona. Tangazo la serikali la dereva daraja la pili linataka cheti cha kidato cha nne, leseni ya daraja E au C aliyoifanyia kazi angalau mwaka mmoja bila kusababisha ajali, na mafunzo ya msingi ya udereva kutoka VETA (mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi) au chuo kingine kinachotambuliwa. Leseni anayo. Mafunzo atayamaliza kwa muda mfupi. Kilichomfungia mlango ni kidato cha nne peke yake, na mtu huyo hana haja ya kuanza kufikiria digrii.

Mtendaji wa kijiji ni hesabu nyingine: kidato cha nne au cha sita, pamoja na astashahada ya ngazi ya tano katika fani kama utawala, sheria au maendeleo ya jamii, kutoka Chuo cha Serikali za Mitaa Hombolo au chuo kingine kinachotambuliwa. Mhudumu wa ofisi anayetaka kuwa mtunza kumbukumbu atahitaji kidato cha nne na masomo ya utunzaji kumbukumbu, kama yale ya Chuo cha Utumishi wa Umma. Kwa hiyo tafuta matangazo matatu au manne ya kazi unayoitamani, hata yaliyokwisha muda, unakili sehemu ya sifa za mwombaji kwenye daftari. Ukija kwetu na daftari hilo, tutaongea kwa dakika kumi na utaondoka unajua njia yako.

QT ni nini hasa?

Ni Mtihani wa Maarifa, unaotolewa na NECTA kwa mtu aliyemaliza shule ya msingi lakini hakupitia sekondari ya kawaida. Kiwango chake ni cha kidato cha pili. Ukiufaulu unapata sifa ya kujisajili kama mtahiniwa wa kujitegemea wa kidato cha nne. QT si cheti cha kuombea kazi, na hakuna mwajiri atakayekupa kazi kwa sababu ya QT. Ni tiketi ya kuingia chumba kinachofuata.

Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima (TEWW) imeigawa sekondari yake katika hatua mbili. Hatua ya kwanza inabeba kidato cha kwanza na cha pili kwa mwaka mmoja, ya pili inabeba cha tatu na cha nne kwa mwaka mwingine. Vituo vingi vya watu binafsi vinafuata mpangilio huo huo. Ni miaka miwili ya kazi ambayo mwanafunzi wa kawaida hupewa minne, na tunamweleza kila mtu ukweli huo siku ya kwanza.

Nilifanya kidato cha nne zamani nikafeli. Nirisiti masomo yote saba?

Kwa kawaida hapana. Toa cheti chako uangalie herufi, usiangalie daraja tu. Alama 30 hadi 44 ni D, 45 hadi 64 ni C, 65 hadi 74 ni B, na kuanzia 75 ni A. Chini ya 30 ni F. D ni ufaulu, na kozi nyingi za astashahada hudai ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini. Kuna watu wana D tatu, wamekaa nyumbani miaka kumi wakiamini hawana kitu, kumbe wanadaiwa somo moja.

Halafu angalia kozi inadai masomo gani. Tabibu na muuguzi lazima awe na Kemia na Baiolojia, na Fizikia huingia humo humo. Ukirisiti Historia na Uraia kwa sababu ni rahisi, utapata pasi nne na bado chuo cha afya kitakukataa. Chagua masomo machache yanayohitajika, uyasome kwa nguvu zako zote. Matokeo ya miaka miwili tofauti yanaweza kutumika pamoja wakati wa kuomba chuo, mradi majina kwenye vyeti vyote yafanane.

Kama utachagua sayansi, ulizia kituo kama kina maabara, uingie uione kwa macho. Ubao uliochorwa mrija na bunseni si maabara.

Kiingereza kinanitisha. Nitaweza kweli?

Hili ndilo swali zito kuliko yote hapa, na wanaoliuliza huliuliza kwa sauti ya chini baada ya wenzao kutoka.

Ulisoma miaka saba kwa Kiswahili. Sekondari, karibu masomo yote huulizwa na kujibiwa kwa Kiingereza. Mtoto aliyeingia kidato cha kwanza anapewa miaka minne ya kukisikia kila siku. Wewe unapewa jioni chache kwa wiki. Anayefeli chini ya mzigo huo hajakosa akili. Tumewaona akina mama wanaouza mboga, wanaojua kuzuia kipindupindu kuliko kitabu chochote: kuchemsha maji, kunawa, kufunika chakula, kutumia choo. Swali la Baiolojia linakuja na neno "outline", na mama anaacha nafasi tupu kwa sababu hajui anaamriwa afanye nini. Jibu analo mdomoni.

Kwa hiyo anza na maneno ya amri. "State" na "mention" yanataka utaje tu. "Outline" inataka hoja kwa ufupi. "Explain" inataka sababu au namna kitu kinavyotokea. "Differentiate" inataka uweke vitu viwili sambamba uonyeshe vinapoachana. "Define" inataka maana. Hayo pamoja na mengine machache hurudi kila mwaka katika kila somo, na mtu mzima anayamudu ndani ya wiki mbili.

Baada ya hapo, kila somo liwe na daftari dogo la msamiati wake. Andika neno, maana yake kwa Kiswahili, na sentensi fupi moja. Jibu kwa sentensi fupi siku zote. Sentensi ya maneno sita iliyo sahihi ina alama. Aya ndefu iliyokaririwa bila kueleweka huporomoka swali likigeuzwa kidogo tu. Kukariri ndiko kunakowaangusha wanafunzi wetu wenye bidii zaidi, na inauma kuona, kwa sababu hao ndio waliokesha.

Soma kwa sauti nyumbani. Kama una mtoto sekondari, muombe akusomeshe. Mwanzoni mtacheka wote wawili, kisha mtazoea, na mtoto naye atafaidika.

Na Hisabati?

Usiitupe. Watu huingia chumbani wameshaamua kuifeli tangu Januari. D ni alama 30, na zipo mada ambazo mtu mwenye biashara anazijua kwa mikono yake: uwiano, asilimia, faida na hasara, hesabu za daftari la mauzo. Ongeza seti na takwimu, ambazo hazihitaji msingi mrefu wa aljebra. Mtu anayepanga bei ya ndoo ya nyanya akitoa nauli, ushuru na zilizooza, anafanya kazi ngumu kuliko nusu ya maswali hayo. Anachokosa ni namna ya kuiandika hatua kwa hatua, na alama hutolewa kwa hatua.

Vitabu nitavipata wapi bila kuvunja benki?

Taasisi ya Elimu Tanzania (TET) imeweka vitabu vya kiada kwenye maktaba mtandao yake, unavisoma bure kwa simu. Tovuti ya NECTA ina fomati za mitihani pamoja na taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, somo kwa somo. Hizo taarifa ni hazina: zinaonyesha swali, jibu zuri la mtahiniwa halisi, na jibu baya la mtahiniwa halisi. Zisome kabla ya kununua kijitabu chochote cha mtaani. Jambo moja la kuangalia ni mtaala, kwa kuwa mtaala ulioboreshwa umeanza kuingia kwa awamu tangu 2024. Hakikisha unasoma muhtasari wa mtihani utakaoufanya mwaka wako, usije ukarithi madaftari ya shemeji ya mwaka 2012.

Natoka kazini saa kumi na mbili jioni, nafika nyumbani nimechoka. Nitasoma saa ngapi?

Tunaowaona wakifaulu hawana muda mwingi kuliko wengine. Wana muda uleule kila siku. Muda wa saa moja tu alfajiri kabla watoto hawajaamka unazidi saa nne za Jumamosi ambazo zitaliwa na msiba, harusi au kikao cha kikoba. Mlinzi wa zamu ya usiku husoma lindoni pale ambapo kazi inaruhusu. Dereva wa daladala husoma kituoni akisubiri zamu ya kupakia.

Lakini jambo hili huamuliwa nyumbani kabla ya kuamuliwa kwenye ratiba. Mwanamke aliyeolewa akianza masomo bila kukubaliana na mumewe nani atapika Jumanne na Alhamisi, atakoma kuja kabla ya mwezi wa tano. Tumewaona wengi mno, wenye akili nzuri kabisa. Kaeni mzungumze kabla ya kulipa ada, mkiweka wazi ni miaka mingapi na ni jioni zipi. Wanaume nao huacha, mara nyingi kwa aibu: anamwogopa jirani atakayemuuliza daftari la nini. Mume mwenye busara atamsindikiza mkewe hadi kituoni, na mke mwenye busara atamzimia mumewe televisheni.

Niliacha shule kwa sababu ya ujauzito. Ninaruhusiwa kurudi?

Ndiyo. Tangu Novemba 2021 serikali iliruhusu wanafunzi walioacha shule kwa sababu mbalimbali, ukiwemo ujauzito, kurudi katika shule za kawaida. Kama umri umeshapita wa kuvaa sare, TEWW inapokea wasichana walioacha shule, na upo mpango unaowasomesha sekondari bila ada. Nenda ofisi ya TEWW ya mkoa wako uulizie mpango huo kabla ya kulipa kituo binafsi.

Mimi ni fundi, kazi naijua. Lazima nirudi darasani?

Huenda si lazima. VETA ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi. Fundi magari, seremala, mwashi, mpishi, fundi cherehani, anapimwa kwa kazi yake: wanamhoji, wanamwona akifanya kazi kwa vitendo, wanamwonyesha alipopungukiwa, na akifikia kiwango anapewa cheti. Hata asiyeandika vizuri anaweza kupimwa, kwa kuwa kinachopimwa ni mkono wake.

Cheti hicho kina thamani kwa wakandarasi, hoteli na viwanda vinavyotaka fundi mwenye karatasi. Hakigeuki kuwa kidato cha nne, hata hivyo. Kama daftari lako la matangazo linasema kidato cha nne, utahitaji vyote viwili, na hapo nashauri uanze na VETA kwa sababu hupatikana mapema na kinaweza kukuongezea kipato cha kulipia QT.

Naweza kufika chuo kikuu bila kidato cha sita?

Unaweza. Njia inayopitiwa zaidi ni stashahada: ukiimaliza kwa wastani wa GPA 3.0 kwa kawaida unaweza kuomba digrii ya fani inayoendana. Njia ya pili ni programu ya msingi ya Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, ambayo nayo ina masharti ya kuingilia na GPA yake ya kumalizia, kwa hiyo soma masharti yote mawili kabla ya kujiandikisha. Chuo hicho kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1992 mahsusi kwa mtu ambaye hawezi kuacha kazi akalale bwenini. Makao makuu yako Kinondoni na kina vituo mikoani.

Maoni yetu: usikimbilie digrii. Kwa mtu wa miaka 35 na kuendelea mwenye familia, stashahada yenye kazi za mikono, kama maabara, umeme, famasia au ugavi, mara nyingi humlipa mapema zaidi.

Bodi ya Mikopo itanisaidia?

Kwa sekondari na QT, hapana. Kwa elimu ya juu, miongozo ya bodi hiyo (HESLB) imekuwa ikiweka kikomo cha umri wa miaka 35 na kutaka mwombaji asiwe na ajira rasmi, kwa hiyo mtu mzima aliye kazini asiiweke kwenye bajeti yake. Kinachowabeba wengi wetu ni kikoba, mchezo wa wiki, na kituo kinachokubali ada kwa awamu. Mikopo ya asilimia kumi ya halmashauri ni ya miradi ya vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Ukiitumia kulipia ada, wenzako kwenye kikundi ndio watakaoulizwa marejesho.

Mimi ni mtumishi wa umma. Nimwambie mwajiri?

Mwambie kwa maandishi, kabla ya kuanza, na utunze nakala yenye muhuri. Mtumishi aliyesoma kimyakimya hurudi na cheti ambacho ofisi haikukipanga, na kubadilishiwa kada kunamchukua miaka. Kumbuka pia kuwa aliyeajiriwa baada ya tarehe 20 Mei 2004 anatakiwa kuwa na kidato cha nne; tarehe hiyo ndiyo iliyotenganisha waliobaki na waliotolewa wakati wa uhakiki wa vyeti vya watumishi.

Kuna mtu anasema atanipatia cheti bila mtihani.

Kata simu. Uhakiki uliokabidhiwa Dodoma Aprili 2017 uliwakuta watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Walikuwemo watu wenye miaka mingi kazini, wanaojua kazi zao vizuri, wakapoteza kila kitu. NECTA ina kumbukumbu ya kila namba ya mtahiniwa, na mwajiri yeyote anaweza kuomba uthibitisho.

Cheti changu kilipotea. Na jina la cheti cha zamani si sawa na la kitambulisho cha NIDA.

Cheti kikipotea, toa taarifa polisi, tangaza gazetini, kisha omba NECTA kwa kufuata utaratibu ulio kwenye tovuti yao. Majina yakitofautiana, malizana na hati ya kubadili jina sasa hivi, kabla ya usajili wa mtihani mpya. Herufi moja iliyozidi imewakwamisha watu kwenye usaili baada ya miaka miwili ya kukesha.

Usajili ni lini?

Kwa kawaida Januari na Februari, kupitia kituo cha mtihani kinachokupa namba rejea, kisha unalipa kwa namba ya malipo ya serikali na kujaza taarifa zako mtandaoni. Anayechelewa hulipa faini, na baadaye dirisha hufungwa kabisa. QT na kidato cha nne hufanyika Novemba. Lipa mwenyewe na ubaki na risiti. Usimpe fedha taslimu mtu wa kati anayesema "nitakusajilia".

Nikifaulu, kazi nitaipata?

Cheti kinakuingiza kwenye foleni ambayo jana hukuruhusiwa kusimama. Kwenye foleni hiyo uzoefu wako wa miaka unaanza kuhesabika, na hapo ndipo mtu mzima anapompita kijana: barua za utambulisho kutoka kwa waajiri wa zamani, leseni safi, wadhamini wanaopokea simu. Zikusanye wakati ungali unasoma, maana bosi wa zamani huhama au kampuni hufungwa.

Matokeo ya Novemba hutoka Januari. Usiishie kuyapiga picha kwenye simu. Matangazo ya serikali yanasema wazi kwamba hati za matokeo ya kidato cha nne hazikubaliki, wanataka cheti chenyewe. Vyeti vikifika kituoni, nenda ukachukue chako siku hiyo hiyo, kisha ukipakie kwenye akaunti yako ya mfumo wa ajira kabla tangazo la kazi yako halijatoka.